Mzee wenu alitumikia vitani na hana nishani? Hivi ndo unavyomtafutia

Kila mwezi wa tano ukianza kuisha simu yangu haipoi. Mmoja anasema mzee wetu alilisha wapiganaji kule Semuto, mwingine babu yao alikua KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akafika mpaka Burma, mwingine bibi yao alificha watu wakati wa Amin, na wote wanataka kitu kimoja, tarehe 9 mwezi wa sita iko karibu, Siku ya Mashujaa ya Uganda hiyo, jina tulipeleke wapi ili mzee avalishwe nishani. Nawauliza karatasi mnazo? Hapo mazungumzo yanalegea, mtu anakwambia "lakini kijiji kizima kinajua". Sawa, kijiji kinajua, ila wanaoamua wanakaa Kampala na hawajawahi kulala kijijini kwenu hata siku moja.

Kwa hiyo naandika hapa kila kitu ninachowaambiaga watu kwa simu. Na nianze na la maana kabisa: anza mapema, usingoje mwezi wa tano. Nishani za Uganda hutolewa zaidi kwenye siku kubwa za taifa, 26 Januari siku ya ukombozi, Tarehe Sita mwezi wa pili siku ya jeshi, 9 Juni mashujaa na 9 Oktoba uhuru, na majina ya watakaovalishwa hayaokotwi asubuhi ya sherehe, yamepita kwenye meza kadhaa huko nyuma.

Kwanza ujue mzee wako ni wa vita gani

Inaonekana kitu kidogo lakini hapo ndo familia nyingi zinachanganya. Mtu wa KAR alimtumikia mfalme wa Uingereza, nishani zake ni za Uingereza, kamati ya Kampala haiwezi kumpa Nyota ya Burma. Mtu aliyekua msituni Luwero 1981 mpaka Januari 1986, au aliyepigana kumtoa Amin, huyo nishani yake inatoka kwa serikali yetu. Na kijana aliyeenda Somalia tangu kikosi chetu cha kwanza kifike Mogadishu mwezi wa tatu 2007, yake ni ya Umoja wa Afrika kama alikua chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja huo kule Somalia, au ya UN kama alikua kwenye kile kikosi cha ulinzi wa ofisi za UN, na hiyo ya UN kawaida inataka mtu awe ametumikia siku 90. Askari aliye kazini bado asijisumbue na mambo ya LC, yaani mabaraza ya vijiji, apitie kwa afande wake, jeshi lina njia yake na ukiiruka utaulizwa.

Za hapa kwetu zinaongozwa na Sheria ya Nishani na Tuzo za Taifa ya mwaka 2001, iko kamati ya raisi inayopitia majina, alafu raisi ndo anatoa. Kwa upande wa jeshi ya juu kabisa ni Katonga, imechukua jina la ule mto ambao NRA (wapiganaji wa msituni wa Museveni) na UNLA (jeshi la serikali ya wakati ule) walikabana pale darajani mwaka 1985 mpaka mwanzo wa 1986. Hiyo usiiweke kichwani, ni ya watu wachache sana, Mwalimu Nyerere mwenyewe alipewa akiwa ameshafariki. Alafu ziko nyota, ya Kabalega, ya Rwenzori, ya Masaba, iko medali ya Luwero kwa waliopigana vile vita vya msituni, iko ya Kagera kwa waliopigana kumtoa Amin.

Na iko Nalubaale. Hii watu wengi hawaijui na ndo inawahusu zaidi, maana ni ya raia, mtu ambaye mchango wake kwa siasa ya nchi hii ulipitia kwenye mapambano ya silaha au kwenye kugomea utawala mbaya bila silaha. Mama aliyepika, mkulima aliyetoa ng'ombe, mwalimu aliyebeba barua ndani ya madaftari ya wanafunzi, katekista wa kanisa aliyewaonyesha njia usiku, hao wote mlango wao ni huo. Yaani usiende kumwandika mzee kama "mpiganaji" wakati hakushika bunduki, eti itaonekana nzito zaidi. Wakiuliza alikua kikosi gani na kamanda wake nani, faili lote linaanguka, na pengine kama raia angepita vizuri tu.

Kumbuka pia Siku ya Mashujaa yenyewe imewekwa kwenye tarehe ya kifo cha raia. Edidian Luttamaguzi wa Kikandwa, huko Nakaseke ya leo, askari wa serikali ya wakati ule walimuua tarehe 9 Juni 1981 pamoja na wanakijiji wengine kwa sababu alikataa kuwaambia waasi wako wapi. Hakua askari. Nchi nzima inapumzika kazi kwa sababu ya mtu aliyefunga mdomo.

Sasa andika hadithi, na hapa usiwe na haraka

Karatasi nyingi nilizoonyeshwa zinasema hivi: "Mzee fulani alisaidia sana wapiganaji na alipenda nchi yake." Basi. Hiyo sentensi unaweza ukaiweka kwa mzee yeyote wa Uganda mwenye miaka zaidi ya sitini. Anayesoma hana pa kushika.

Angalia kisa cha Aboke uone tofauti. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA wa Joseph Kony waliingia shule ya wasichana ya St Mary's Aboke kule Lango wakabeba wasichana 139. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, akatoka na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen, wakafuata nyayo msituni mpaka wakawafikia, akaomba na akabishana nao, akarudi na wasichana 109, waasi wakabaki na 30. Ona vile imekaa. Siku iko, mahali pako, waliochukuliwa ni wangapi, waliorudi ni wangapi, nani alikuwepo akaona. Hakuna neno "jasiri" hata moja hapo na hulihitaji.

Basi na ya mzee wako ifanye hivyo hivyo. Siyo alilisha wapiganaji, bali alilisha nani, kwa muda gani, chakula kilitoka wapi, kilipelekwa na nani, mpaka wapi, na kilichompata baadaye ni nini, nyumba ilichomwa au hapana, alikamatwa akapelekwa wapi, walirudi kijijini mwaka gani. Mwaka ukimpotea usimlazimishe kubuni, uliza kwa matukio. Ilikua kabla Kampala haijaanguka, yaani kabla ya 11 Aprili 1979? Ulikua umeshazaa nani? Mvua ya kwanza au ya pili? Kahawa ilikua inavunwa? Wazee wetu kalenda yao ni watoto na mashamba, ukiuliza kwa njia hiyo mwaka utatoka wenyewe, na ukiuliza "ilikua tarehe ngapi" utapata tarehe ya kukufurahisha tu.

Mzee wa jeshi jaribu kumhoji kwa Kiswahili hata kama nyumbani mnaongea Lusoga au Kilugbara. Tangu KAR mpaka UPDF, jeshi letu la leo, amri zilitolewa kwa Kiswahili, na nimeona mara nyingi mzee ambaye kwa lugha ya mama anasema "nilikua jeshini" na kunyamaza, ukimgeuzia Kiswahili anaanza kukutajia platuni, jina la kamanda, mto waliovuka, hata matusi ya sajenti. Weka simu irekodi, mwambie unarekodi, na usimkatize. Mkalishe asubuhi akiwa na nguvu. Siku ya kwanza usitoe daftari, watu waliopita kwenye vituo vya kuhojiwa enzi zile wakiona mtu anaandika wanafunga, na wana haki yao.

Alafu kitu kingine, mwache aseme na yale mabaya. Wajukuu mnapenda kusafisha hadithi. Kama mzee anasema walikimbia, andika walikimbia. Anayejua vita vile akisoma hadithi ambayo hakuna aliyekimbia wala kuogopa wala kukosa chakula, anajua imepikwa.

Mashahidi

Hapa ndo penye mbio, maana wanakufa. Tafuta watu wawili watatu waliokuwepo na ambao si wa ukoo wenu, na mmoja akiwa ni mtu aliyepokea huo msaada, yaani mpiganaji mwenyewe aliyelala kwenye hiyo nyumba, huyo anashinda barua kumi za majirani. Kila shahidi aseme peke yake, msiwakalishe pamoja, kwa sababu wakikaa pamoja wanapatana maneno na karatasi zote tatu zinatoka na sentensi zilezile, na kwa msomaji hiyo inanuka. Zikitofautiana kidogo kwenye vitu vidogo hiyo ni sawa kabisa, ndo kumbukumbu ya watu ilivyo.

Ushahidi wao upelekeni kwa kamishna wa viapo au kwa hakimu iwe hati ya kiapo, shahidi asaini au aweke dole gumba, namba ya kitambulisho cha taifa iandikwe. Kama shahidi kitandani hajiwezi, mleteni mwanasheria nyumbani, gharama yake ni ya kuuma lakini huyo mzee akiondoka hutampata tena kwa pesa yoyote.

Picha za zamani, barua, kadi ya chama, karatasi ya kuachishwa jeshi, hata risiti ya ng'ombe aliyechukuliwa (iko familia moja naijua walikua nayo, karani wa wapiganaji aliandika kwenye kipande cha daftari la shule, mama akaiweka ndani ya Biblia miaka yote hiyo), vyote piga fotokopi. Orijino usimpe mtu. Narudia, orijino hazitoki nyumbani, anayezitaka aje azione au umpelekee uzionyeshe na urudi nazo.

Karatasi zinatembea vipi

Anza kwa mwenyekiti wa LC1, barua ya kuthibitisha kwamba mtu huyu ni wa kijiji hiki na anajulikana kwa jambo hili, na muhuri. Alafu gombolola. Alafu ofisi ya RDC wa wilaya, kwa sababu RDC ndo mtu wa raisi kwenye wilaya, hapo uulize fomu na utaratibu wa mwaka huo ukoje na mwisho wa kupokea ni lini. Ukipeleka faili chukua nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo watu wanaisahau, alafu baada ya miezi faili halionekani na huna hata cha kuonyesha kwamba uliwahi kufika. Chama cha wazee wa vita kama kipo wilayani kwenu kiambieni pia, barua yao inasaidia, lakini kisiwe ndo njia yenu pekee, vingine vina mgawanyiko wa viti ndani na faili lako litakaa katikati ya ugomvi usiokuhusu.

Faili lenyewe liwe fupi. Ukurasa mmoja wa hadithi, viapo, barua za LC na gombolola, nakala za vitambulisho, picha. Ukurasa mmoja! Ile hadithi ndefu uliyorekodi ibaki kwa familia, ni mali yenu.

Kama mzee ameshafariki bado unaweza kupeleka jina, nishani za marehemu zipo na anapokea mtu wa familia. Ila patana nyumbani kabla nani ataenda kupokea. Nimeona ndugu wakisukumana penye hema ya sherehe, aibu tupu.

Kama ni kikundi kizima

Wengi wanauliza kuhusu vikundi, mfano Arrow Boys wa Teso na Amuka wa Lango, vijana walioshika silaha 2003 LRA ilipoingia huko, wengine walikua wakulima na waalimu wiki moja kabla. Nishani zetu zinavalishwa mtu kifuani, kwa hiyo usiandike "kikosi chetu kituzwe" ukadhani watu mia wamepita kwa karatasi moja. Tengeneza orodha ya kikundi, nani alikua kamanda, nani alikua nani, waliokufa na walikufa wapi, hiyo iwe karatasi ya juu, alafu kila mtu na ukurasa wake nyuma. Orodha ipitishwe kwenye mkutano wa wazi, majina yasomwe kwa sauti, watu wapinge hapo hapo. Mkiificha, baadaye atatokea mtu na orodha nyingine yenye majina tofauti, na ofisi ikiona orodha mbili inaziweka zote chini.

Waingereza wao wana desturi nyingine ya kuheshimu kikosi, jina la vita linaandikwa kwenye bendera ya rejimenti na linabaki hapo hata askari wote wakifa. KAR ina Mawlaik na Kalewa za Burma kati ya hizo, wale wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walioshuka bonde la Kabaw 1944 kwenye mvua na malaria mpaka mto Chindwin. Kama babu alikua huko basi sehemu ya jina hilo ni yake, hata kama hakuvalishwa kitu.

Wa KAR na Paionia (vikosi vya kazi vya Waingereza)

Hawa nawapa njia fupi maana nyingi unafanya kwa simu yako. Kama kuna medali ndani ya sanduku igeuze uangalie ukingo. Zile za vita vya kwanza, ile ya madini ya fedha na ile ya ushindi, zimechongwa namba, cheo, jina na kikosi pale ukingoni, hiyo namba ni dhahabu, kila utafutaji unaanzia hapo. Za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina, kwa hiyo Nyota ya Burma peke yake haisemi ilikua ya nani, na ndo maana unaziona zinauzwa kwa watalii na hakuna wa kubisha. Nyota ya Afrika inaweza kuwa ya vita vya Ethiopia na Somalia 1940 na 1941, siyo lazima alifika jangwa la kaskazini kama wajukuu wanavyopenda kusema.

Aliyetunukiwa kwa ushujaa, kama Military Medal, jina lake lilitangazwa kwenye London Gazette na gazeti hilo linatafutika kwenye mtandao bure, ila jaribu tahajia zote, makarani wa kizungu waliandika majina yetu walivyosikia. Mapendekezo ya tuzo yako kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, kwenye mafaili ya WO 373, na shajara za vikosi vya Burma ziko WO 172. Aliyefia vitani mtafute kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, nayo ni bure, na kama mko karibu na Jinja nendeni mkaone makaburi ya vita pale, mawe yamepangwa na yanatunzwa. Ofisi ya medali ya jeshi la Uingereza inapokea maombi ya ndugu wa karibu wa marehemu ambaye hakuwahi kuchukua nishani zake, waandikie wewe mwenyewe na uwape namba ya jeshi, bila namba utasubiri sana.

Wabeba mizigo wa vita vya kwanza kwa kweli ni kazi ngumu. Walikufa kwa maelfu kwa kuhara na homa na majina mengi hayakuandikwa popote. Kama jina la babu wa babu limebaki kwenye midomo tu, liandikeni nyinyi kwenye jiwe lenu.

Pesa, na watu wa kati

Nishani siyo pensheni. Siyo kasiimo pia. Kasiimo, ile pesa ya shukrani kwa raia wa Luwero waliosaidia vita, ina ofisi yake chini ya waziri mkuu na orodha yake, na pensheni za waliokua jeshini ziko kwa wizara ya ulinzi Mbuya. Ni mafaili matatu tofauti, na kuwa kwenye moja hakukuweki kwenye lingine. Mwambieni mzee mapema, la sivyo atavaa nishani Juni na mpaka Disemba anauliza hela imefika wapi.

Na yule kijana mwenye suti anayekuja na bodaboda kuandikisha "mashujaa wote wa kijiji", anataka pesa ya fomu, pesa ya picha, pesa ya kumwona mkubwa fulani, mpeni chai aende zake. Akisema ana mtu ndani, mwombe hilo jina na ofisi yake aviandike na asaini. Hataandika.

Ikija, na isipokuja

Ikija barua ya mwaliko soma jina limeandikwaje na linganisha na kitambulisho siku hiyohiyo, kosa la herufi moja linarekebishwa kirahisi kabla ya sherehe kuliko baada. Mzee apate mtu wa kukaa naye, sherehe hizi zinaanza asubuhi sana kwa ukaguzi na jua ni kali, abebe dawa zake na maji kama wanaruhusu. Cheti mkipige picha na fotokopi kabla hakijaingia sandukuni. Medali msiisugue na ile dawa ya kung'arishia vifungo, inakula maandishi, kitambaa kikavu kinatosha, utepe uwekeni mbali na jua. Mzee akishafariki, kwa desturi ya jumuiya ya madola mtoto au mjukuu anaivaa upande wa kulia wa kifua, kushoto ni kwa mwenyewe tu, na mwaka ukifika wa kumbukumbu mtu mmoja avae, siyo mnagawana.

Isipokuja, nenda RDC na ile nakala yenye muhuri, uliza imekwama wapi, waombe wakwambie kinachokosekana. Mara nyingi ni shahidi. Rudi ukamtafute, peleka tena mwaka unaofuata, na usipeleke faili jipya kama vile la kwanza halikuwepo, andika juu kwamba ni la pili na uambatanishe la kwanza.